Namna ya kuipa filamu aina yake kwa taa na uigizaji: tukio moja, njia nne

Mwaka 1931 Karl Freund alipiga picha za Dracula, filamu ya kutisha iliyojaa ngazi zenye giza na macho yanayong'aa peke yake kizani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1951, mtu huyohuyo alikuwa anapanga taa za I Love Lucy, kichekesho cha televisheni kilichopigwa kwa kamera tatu mbele ya watazamaji, ambamo kila kona ya sebule inaonekana na hakuna uso unaopotea kivulini. Ujuzi ulikuwa uleule. Alichobadilisha ni mahali pa taa, wingi wa vivuli, na nafasi waliyoachiwa waigizaji.

Waandaaji wengi huandika "filamu ya kutisha" kwenye bango, kisha hupiga kila kitu kwa taa moja ya duara iliyokaa juu ya kamera. Mtazamaji haogopi, na lawama humwangukia mwigizaji. Mara nyingi mwigizaji hana kosa. Taa ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha mwigizaji kitaonekana, na kiasi hicho ndicho kinachoamua aigize kwa uso, kwa mwili, kwa sauti au kwa kunyamaza. Ukipanga taa bila kumfikiria mwigizaji, au ukimwongoza mwigizaji kabla hujajua taa itakuwaje, viwili hivyo vitavutana na aina ya filamu itapotea katikati.

Njia nzuri ya kujifunza ni kuchukua tukio fupi lisilo na aina na kulipiga mara nne. Tumia hili:

Sebuleni, usiku. Baba Asha amekaa mezani, mbele yake chakula kimefunikwa kwa kawa. Mlango unafunguka. Mama Asha anaingia, anavua viatu.

BABA ASHA: Umechelewa, Mama Asha.
MAMA ASHA: Daladala zilikuwa za shida leo.
BABA ASHA: Chakula kimepoa.
MAMA ASHA: Nitakipasha.

Hakuna neno hapo linalosema hii ni filamu gani. Usibadilishe maneno hata moja katika njia zote nne.

Vifaa

Chumba cha mita 4 kwa 4 kinatosha. Tafuta taa mbili bapa za LED za wati 60 au zaidi, zinazopunguzwa mwanga na kubadilishwa rangi kutoka kelvini 3200 (mwanga wa njano, wa joto) hadi 5600 (mweupe kama wa mchana). Ongeza balbu moja ya kawaida ya LED ya nyumbani yenye waya na kishikio, shuka nyeupe mbili, manila nyeupe kubwa mbili, kitambaa cheusi kizito cha mita 2 kwa 2, karatasi ya kuokea keki ya kulainisha mwanga, tepu ya karatasi na viroba vya mchanga vya kilo 5 vya kukalisha miguu ya standi. Karatasi ya kuokea ifungwe kwenye taa za LED tu. Usiiguse kwenye taa za zamani za halojeni, kwa sababu joto lake huiunguza.

Kamera iwe inayokuruhusu kufunga, visibadilike vyenyewe, shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na mizani ya weupe (rangi ya mwanga ambayo kamera inaichukua kuwa nyeupe). Simu pia inafaa ikiwa programu yake ya kurekodi inaruhusu hayo. Ukiacha kamera ijiamulie, itafanya kazi ya kuharibu aina: kwenye tukio la giza itapandisha mwanga mpaka usiku uonekane jioni, na kila mwigizaji akisogea mwanga wa picha utapanda na kushuka.

Piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na shata ya 1/50 au 1/100 inakwenda nao sambamba. Ukiweka 1/60, balbu nyingi za bei nafuu zitaleta michirizi inayotambaa kwenye ukuta, na haitoki wakati wa kuhariri. Taa za LED za bei nafuu huleta tatizo hilohilo zikipunguzwa sana, hata shata ikiwa sahihi. Ukiliona, pandisha taa juu ya nusu ya nguvu yake, kisha isogeze mbali au ongeza karatasi mbele yake.

Kupima uwiano bila kipima mwanga

Namba muhimu kuliko zote katika kazi hii ni uwiano kati ya upande wa uso wenye mwanga na upande wa kivuli. Taa kuu ndiyo inayotengeneza upande wenye mwanga. Taa ya kujazia, au manila nyeupe, huinua upande wa kivuli. Taa ya nyuma humtenga mtu na ukuta, na haiingii kwenye hesabu hii.

1. Washa zebra ya kamera (michirizi inayotokea kwenye skrini mahali mwanga unapofikia kiwango ulichochagua) na uiweke asilimia 50.
2. Vuta kwa zumu mpaka shavu lenye mwanga lijaze fremu. Badilisha ISO tu mpaka michirizi ianze kutokea. Andika namba.
3. Fanya hivyohivyo kwa shavu la upande wa kivuli.
4. Linganisha. ISO 400 na 800 ni uwiano wa 2:1. ISO 400 na 1600 ni 4:1. ISO 400 na 3200 ni 8:1.

Usisogee na kamera karibu na uso wakati wa kupima, utaziba taa na namba zitakudanganya.

Jambo la pili ni umbali. Taa ikisogezwa kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo, si nusu. Maana yake taa iliyo karibu hufifia haraka nyuma ya mtu, na taa iliyo mbali huenea sawasawa. Mwigizaji aliye sentimita 70 kutoka kwenye taa akirudi nyuma mita 1, mwanga wake unapungua karibu mara sita. Aliye mita 3 kutoka kwenye taa akirudi mita hiyohiyo 1, mwanga haupungui hata kwa nusu. Namba hizi mbili zinaeleza kwa nini kichekesho hutaka taa ya mbali na filamu ya kutisha hutaka taa ya karibu: katika cha kwanza mwigizaji lazima awe huru kutembea, katika ya pili hatua moja tu itoshe kumtoa kwenye mwanga.

Ngozi nyeusi na ukuta mweupe

Vitabu vingi vya taa vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe mbele ya ukuta wa rangi. Sebule zetu nyingi zina kuta nyeupe au za maziwa, na wanaokaa humo wana ngozi ya kahawia au nyeusi. Ukifuata vitabu hivyo neno kwa neno, ukuta utawaka na uso utakuwa doa. Kosa la kwanza ambalo watu hulifanya hapo ni kuongeza taa usoni. Ukuta nao unaongezeka, na tatizo linabaki palepale.

Anza na ukuta. Mtoe mwigizaji angalau mita 1.5 mbele yake. Geuza taa kuu itoke pembeni, ili inayobaki iangukie ukuta usioonekana kwenye fremu. Tundika kitambaa cheusi kati ya taa na ukuta unaoonekana. Lenga ukuta usome asilimia 30 hadi 40 kwenye zebra, na upande wa uso wenye mwanga asilimia 45 hadi 55. Namba hizo si sheria. Ni pa kuanzia, na kwa filamu ya kutisha utashuka chini yake kwa makusudi.

Kisha uso wenyewe. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'ao: mstari mrefu laini unaopita kwenye shavu, taya na mfupa wa pua. Mng'ao huo hutoka kwenye taa kubwa, si kwenye taa kali. Tundika shuka nyeupe ya mita 1 kwa 1 mbele ya taa, nyuzi 60 hivi pembeni ya kamera, umbali wa mita 1 kutoka kwa mwigizaji. Taa ndogo isiyofunikwa itakupa nukta za mafuta kwenye paji la uso. Msimamizi wa vipodozi asipake poda uso mzima. Apake losheni nyepesi, kisha poda kidogo kwenye paji na ncha ya pua tu. Poda nyingi huua mng'ao, uso unakuwa wa kijivu, na hakuna taa itakayourudisha.

Wakiwa wawili na mmoja ni mweusi zaidi, usiweke taa katikati. Yeye akae mita 1 kutoka kwenye taa kuu, mwenzake mita 1.4. Tofauti hiyo ndogo inampa mwanga mara mbili ya mwenzake, na kwenye picha wanaonekana wamekaa mahali pamoja.

Njia ya kwanza: kichekesho

Elekeza taa zote mbili kwenye dari nyeupe, kila moja kutoka kona yake, zikiwa na rangi moja, tuseme 5600. Dari ikiwa ya mbao au mabati, funga shuka nyeupe juu. Mwanga ukishuka kutoka juu utaacha vivuli chini ya nyusi, kwa hiyo laza manila nyeupe mezani nje ya fremu iinue macho. Uwiano uwe 2:1 au chini yake. Weka kamera kwenye tripodi, fremu iwe pana mpaka vidole vya miguu vionekane, na tundu la lenzi liwe dogo, f/4 au f/5.6, ili wote wawili wawe wazi kwa pamoja.

Sababu ya upana huo ni kwamba kichekesho hukaa kwenye mwili na kwenye jibu la mwenzako. Mama Asha anaingia kwa kunyata, anadhani mumewe kalala mezani. Anavua kiatu kimoja. Baba Asha, bila kugeuka: "Umechelewa, Mama Asha." Mama Asha anaganda, mguu mmoja hewani, kiatu mkononi, na maneno yote yaliyobaki anayasema hivyohivyo akiyumba. Ukilikata tukio hilo kuwa nyuso mbili za karibu, mguu hauonekani na kichekesho kimekwisha. Ukiliwekea vivuli, mtazamaji ataanza kujiuliza kama mume ana panga chini ya meza.

Kuhusu uigizaji, sheria ni moja na ni ngumu kuishika: mhusika hajui kwamba anachekesha. Baba Asha anakisikitikia chakula kilichopoa kwa dhati ya moyo wake. Mwaka 1980 watengenezaji wa Airplane! walimchukua Leslie Nielsen, aliyejulikana kwa kuigiza watu wazito, wakamwachia awe mzito vilevile huku mambo ya kipuuzi yakitokea. Kicheko kilitoka hapo. Waigizaji wetu wengi wa vichekesho wana miili yenye kipaji kikubwa, kisha wanakiharibu kwa kukodoa macho na kupandisha sauti kila sentensi. Mwambie mwigizaji apunguze uso na aongeze haja. Aitake ile sahani ya moto kuliko kitu kingine chochote duniani.

Baada ya "Nitakipasha", usikate. Subiri sekunde mbili au tatu. Kicheko kinahitaji mahali pa kukaa.

Njia ya pili: kutisha

Zima kila kitu. Zima pia taa ya uani inayopenya dirishani. Sasa jiulize mwanga wa usiku huu unatoka wapi kwa haki: taa ya nje, mwezi, mshumaa kwa sababu umeme umekatika, skrini ya simu. Chagua kimoja. Mtazamaji anakubali giza lolote ikiwa anajua mwanga unatoka wapi.

Kwa mwezi, weka taa moja nje ya dirisha, juu kidogo ya usawa wa kichwa, 5600, ikiangaza kupitia nondo. Kamera iwekwe mizani ya weupe ya kelvini 4000; picha itaelekea ubuluu bila kuzidi. Watu wakishuka hadi 3200 wanapata ubuluu wa tangazo, na hofu inageuka urembo. Taa ya pili ni ile balbu ya nyumbani, imefunikwa karatasi, sentimita 70 kutoka kwa Baba Asha, upande wa mbali na kamera, ili nusu ya uso inayotutazama iwe kivulini. Uwiano uwe 8:1 au zaidi. Usitumie manila. Badala yake tundika kitambaa cheusi upande wa kivuli kinyonye mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta nyeupe. Bila kitambaa hicho, sebule nyeupe itajijazia yenyewe na utabaki na 3:1 ukishangaa.

Giza la filamu hutengenezwa kwa taa. Wengi huzima taa, wakapandisha ISO mpaka 6400 au zaidi, na wanapata chengachenga za kijivu zinazochemka kwenye kuta. Weka ISO 800, acha kitu kimoja kwenye fremu kiwe kiangavu kweli, kwa mfano kipande cha dirisha au ukingo wa sahani, na sehemu nyingine zote zianguke. Jicho likiona kiangavu kimoja, litaamini kwamba kilichobaki ni usiku. Giza likibaki sawasawa kila mahali, litaamini kwamba kamera ni mbovu.

Panga fremu ukiacha nafasi tupu. Nyuma ya Mama Asha uwe mlango wa korido, wazi, mweusi. Usiweke kitu humo. Nafasi hiyo ndiyo itakayofanya kazi dakika nzima.

Mwigizaji sasa ananyang'anywa uso. Nusu haionekani, kwa hiyo akikunja nyusi hakuna atakayejua. Kinachobaki ni umbo, pumzi na mwendo. Mama Asha anavua kiatu, kinamponyoka, kinagonga sakafu. Baba Asha hashtuki. Kutoshtuka huko kunatisha kuliko mlio wenyewe. "Chakula kimepoa" aiseme kwa sauti ileile ya "Umechelewa", bila kupanda wala kushuka, bila kupepesa macho. Mama Asha naye asianze na woga. Aanze na uchovu wa safari, aanze kuhisi kitu kwenye sentensi ya tatu, na kwenye "Nitakipasha" asogee hatua moja tu nyuma, atoke kwenye mwanga. Ukimruhusu aogope tangu mlangoni, hana pa kupanda, na atakayofuata kuyafanya ni mayowe.

Njia ya tatu: taharuki ya upelelezi

Hapa unataka vivuli vyenye ukingo uliokatwa. Toa karatasi, toa shuka. Chanzo kidogo kilicho mbali hutoa ukingo mkali; chanzo kikubwa kilicho karibu huulainisha. Taa bapa ni pana mno kwa kazi hii, kwa hiyo iweke mita 3 hadi 4 mbali na uizibe kwa kadibodi iliyotobolewa tundu la sentimita 10. Utapoteza mwanga mwingi. Pandisha taa hadi mwisho na fungua lenzi.

Filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 zilijaza kuta kwa michirizi ya pazia za vipande. John Seitz aliifanya hivyo Double Indemnity ya mwaka 1944. Sisi hatuna sababu ya kuazima pazia hizo. Nondo za dirisha na matofali ya matundu vinatoa vivuli vizuri zaidi, na mtazamaji wa Tanga au Mombasa anavijua tangu utotoni. Kama dirisha haliko mahali unapotaka, kata umbo la nondo kwenye kadibodi. Kadibodi ikiwa nusu mita kutoka ukutani, kivuli kinakatwa vizuri. Ukiirudisha karibu na taa, kinatawanyika na kufutika.

Uwiano uwe 4:1 hadi 8:1, lakini macho yaamuliwe kwa makini. Katika The Godfather ya mwaka 1972, Gordon Willis aliweka taa juu ya waigizaji mpaka macho ya Marlon Brando yakazama kivulini, na mtazamaji hakuweza kuyasoma mawazo yake. Fanya hivyo kwa mmoja tu kati ya wawili. Balbu ikining'inia moja kwa moja juu ya Baba Asha, sentimita 80 kutoka kichwani, inaficha macho yake. Mama Asha apewe mwanga wa dirisha unaomwonyesha macho. Sasa tunajua nani anaficha na nani anatafuta. Ukiwaficha wote, hakuna wa kumfuata.

Uigizaji wa aina hii ni wa kufanya kitu kingine huku ukisema. Mama Asha anavua viatu taratibu, anavipanga sambamba ukutani, anakirekebisha kimoja. Anatafuta muda. Baba Asha anafunua kawa kidogo, analifunika tena. Kila mmoja aambiwe siri ambayo mwenzake hajaambiwa, na aambiwe faraghani. Usiwaambie waonyeshe kwamba wana siri. Mwigizaji akionyesha, mtazamaji anaacha kutafuta. Jaribio linalojulikana kwa jina la Lev Kuleshov, mtengeneza filamu wa Urusi, lilihusu hilohilo: uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin uliunganishwa na bakuli la supu, kisha na jeneza, na watu wakaona njaa, wakaona huzuni, wakati uso haukubadilika. Uso mtulivu ukiwekwa karibu na picha sahihi unajazwa na mtazamaji mwenyewe.

Njia ya nne: tamthilia ya mapenzi

Aina hii inafanywa zaidi kuliko zote hapa kwetu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopigwa kwa uvivu zaidi. Taa kuu iwe kubwa, laini, 3200, nyuzi 30 hadi 45 pembeni, juu kidogo ya macho. Kamera iwe kelvini 4000, picha itapata joto. Manila upande wa kivuli, uwiano 3:1. Taa ya pili iwe ya nyuma, ikigusa mtandio au bega, si zaidi ya mara mbili ya taa kuu. Ikizidi, mtu anapata mduara wa mwanga kichwani. Lenzi ndefu kidogo, milimita 85 ikiwezekana, f/2 hadi f/2.8, na fremu ya mabega na uso. Hakikisha kila jicho lina nukta ya mwanga. Isipokuwepo, shusha taa kuu sentimita 20 hivi na uangalie tena.

Fremu ikiwa karibu hivyo, mikono haina kazi na nyusi zina nguvu kubwa mno. Mama Asha anashindwa kufungua mkanda wa kiatu kwa sababu vidole vinatetemeka, nasi hatuvioni vidole. Tunaona bega likitikisika na macho yakiangalia chini. Machozi yakija, yaje mwishoni, na kabla yake tuone juhudi ya kuyazuia. Mwigizaji anayelia mara tu kamera inapowaka anamwachia mtazamaji kazi ya kumtazama tu. Anayejizuia humfanya mtazamaji alie kwa niaba yake. Hapa "Nitakipasha" ni ombi la msamaha, na "Chakula kimepoa" ni mtu anayesema alikuwa na wasiwasi.

Mpangilio wa kazi siku ya kupiga

Soma na waigizaji kwanza, taa zikiwa bado sandukuni. Kisha watembee tukio zima, na weka alama za tepu sakafuni kila wanaposimama. Hapo ndipo taa zipangwe, huku mtu wa urefu na rangi ya kufanana naye amesimama kwenye alama, mwigizaji apumzike. Zikishapangwa, waigizaji warudi na wafanye zoezi moja lenye taa. Zoezi hili watu wengi huliruka, nalo ndilo linalounganisha kila kitu. Mwigizaji aonyeshwe mwanga unaishia wapi, kwa tepu ya rangi nyingine. Zamani taa za moto zilimwambia mtu kwa joto usoni. LED haimwambii, lazima ajifunze mstari.

Ukiwa na mwigizaji mmoja wa jukwaani anayetuma sauti hadi viti vya nyuma na mwingine anayeongea chini kama yuko kwake, usiwaache wakutane katikati. Amua aina ya filamu inamtaka nani. Kwa kichekesho, mpandishe wa pili. Kwa njia nyingine tatu, msogeze yule wa jukwaani mpaka wawe hatua moja kutoka kwa mwenzake, waongee hivyo mara tatu, kisha warudi kwenye alama zao wakiwa na sauti hiyohiyo.

Filamu ikibadilika aina njiani, kwa mfano kichekesho kinachoishia pabaya, usibadilishe taa kwa mkupuo. Toka 2:1, shoti inayofuata 3:1, kisha 4:1, ukiondoa manila, ukizima taa moja ya dari, ukiingiza kitambaa cheusi. Mwigizaji naye apunguze mwendo kwa kiasi hichohicho.

Kukagua

Chukua sekunde 20 za kila njia, toa sauti, mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo na hajui hadithi. Muulize ni filamu ya aina gani. Kisha mfunike macho na umsikilizishe sauti peke yake, umuulize tena. Akijibu sawa bila sauti na akakosea bila picha, taa ziko sawa na shida iko kwa waigizaji: sikiliza kama sauti zinapanda pasipo sababu. Akikosea bila sauti, pima uwiano upya kabla hujamgusa mwigizaji. Kwa filamu ya kutisha, kagua kwanza kuta nyeupe zinazorudisha mwanga. Kwa kichekesho, kagua upana wa fremu na vivuli chini ya macho. Kwa taharuki, angalia kama taa imebaki na karatasi. Kwa tamthilia, tafuta nukta ya mwanga machoni, na kama ipo, hesabu ni sekunde ngapi zimepita kabla ya chozi la kwanza.